Mama Alipokataa Kula Kwangu

Mama alifika Nairobi Jumatatu asubuhi, na mpaka Jumatano alikuwa hajatia mdomoni kitu chochote cha nyumba yangu isipokuwa maji ya mfereji.

Tulikuwa tunaishi Dandora, katika ploti ya vyumba vinane vilivyozunguka uwanja mmoja wa saruji. Chumba chetu kilikuwa cha tatu ukiingia getini. Nilikuwa na mume wangu na binti yetu wa mwaka mmoja na nusu, ambaye bado alikuwa ananyonya. Mume wangu alifanya kazi ya shifti katika kiwanda kimoja cha plastiki kule Baba Dogo. Mimi nilikuwa nasuka nywele. Wateja walinijia palepale kwenye ploti, nikawasuka wamekaa kwenye stuli mbele ya mlango. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na nilikuwa sijafika miaka ishirini na tano.

Mama alikuja kwa sababu ya kidonda mguuni ambacho kilikuwa kimekataa kupona. Hospitali ya nyumbani, kule magharibi, walimpima wakasema ana ugonjwa wa sukari, wakampa barua ya kuja hospitali kubwa. Jirani wa nyumbani aliyekuwa akisafiri ndiye aliyemfikisha hadi mlangoni kwangu.

Kabla basi halijafika, mume wangu alikuwa tayari ametia nguo zake kwenye mfuko na kuhamia kwa rafiki yake mtaa wa Lucky Summer. Hakukuwa na mjadala. Kwetu, mwanamume na mama mkwe hawalali chini ya paa moja. Hawapeani mkono, hawakai karibu, na haifai amwone mama mkwe akiwa hana kitambaa kichwani. Hayo niliyajua tangu utotoni na hayakunisumbua. Lililonisumbua lilikuwa lile jingine: kwamba mama hali chakula cha nyumba ya mkwe ambaye bado hajafika kwao na watu wake kuongea mahari. Na mume wangu alikuwa hajafika. Mimi nilikuja Nairobi kwa shangazi kujifunza kusuka, nikakutana na mwanamume, na tumbo lilipoanza kuonekana nikahamia kwake na mkoba mmoja. Ulikuwa mwaka wa tatu sasa. Nyumbani walisema nilijipeleka.

Nilijua mila hiyo, lakini sikuiogopa sana. Nilidhani njaa ingenisaidia. Nilijiambia, mtu mzima ametoka safari ya usiku kucha, ni mgonjwa, atakataa mara moja, atakataa mara mbili, ya tatu atanyoosha mkono.

Siku ile ya kwanza mume wangu alileta kuku akamwacha getini bila kuingia. Nilimpika vizuri, nikasonga ugali, nikapika na mboga ya mrenda ambayo nilikuwa nimeitafuta masoko mawili. Nikamwekea Mama maji ya kunawa.

"Weka hapo," akasema.

Nikaweka. Alimbeba mtoto mapajani, akamwimbia, akaniuliza habari za shangazi. Mchuzi ukaganda juu.

"Mama, chakula kinapoa."

"Nimeshiba safari."

Kisha akafungua mfuko wake na kutoa viazi vitamu vilivyochemshwa, vimefungwa kwa jani la mgomba, na njugu za kukaanga kwenye chupa ya plastiki. Akala kiazi kimoja polepole, akaviringisha jani tena. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa amekuja kujaribiwa. Alikuwa amejipanga akiwa nyumbani. Viazi vile viliisha Jumanne jioni.

Jumatano tulienda kliniki. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka lakini mwenye sauti nzuri. Mama hakuwa anasikia Kiswahili sana, kwa hivyo maneno yote yalipita kwangu. Daktari akaniuliza, "Anakula vizuri?"

Mama alikuwa ananitazama, anangoja nimtafsirie. Sikutafsiri. Nikajibu mwenyewe, "Anakula."

Sijui kama nilidanganya kwa aibu au kwa kuwa nilikuwa na hakika kwamba atakula leo. Daktari akaandika. Akatupa vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni, akasema aachane kabisa na sukari, na akanionyesha kidole: "Hii dawa asimeze bila kula. Umeskia? Ale kwanza."

Hilo nilimtafsiria Mama. Akaitikia kwa kichwa. "Mwambie nimesikia."

Kusikia na kukubali ni vitu viwili, na mimi nilijua. Lakini nilichukua dawa tukaondoka.

Kwa sababu ya mguu wake tulienda tukisimama. Tulipofika soko la Burma moshi wa nyama choma ulikuwa umejaa barabarani, na Mama akasimama bila mimi kumwambia. Sikumwuliza. Niliingia kwenye bucha ya kwanza. Muuzaji akaita, "Karibu mama, mbavu iko, matumbo iko, mguu iko!" Nikaagiza mbavu kidogo na ugali, tukakaa kwenye benchi la mbao. Nyama ilipoletwa, imekatwakatwa na chumvi pembeni, Mama aliitazama kisha akanitazama mimi.

"Hii imenunuliwa na pesa ya nani?"

"Yangu, Mama. Ya kusuka."

"Ya mikono yako?"

"Ya mikono yangu."

Basi akala. Sijawahi kusahau jinsi alivyokula. Hakuwa na pupa, alimega matonge madogo kama kawaida yake, lakini alikuwa hazungumzi kabisa, yeye ambaye nyumbani alipenda kula akisimulia habari. Niliona mshipa wa shingo yake ukipanda na kushuka. Mpaka dakika ile nilikuwa nimeichukulia njaa yake kama ukaidi. Sasa niliiona yenyewe, ndani ya mwili wa mama yangu. Alikuwa na njaa siku zile zote, alikuwa ameketi kando ya kuku wangu akiwa na njaa, na alikuwa amecheza na mtoto.

Nilirudi nyumbani na furaha. Nilifikiri nimepata njia. Nikamwambia, "Mama, kuanzia leo nitanunua chakula kwa pesa yangu, nitakupikia."

"Utapikia wapi?"

"Stovu si ile pale?"

"Stovu ni ya nani?"

Niliitazama stovu, ambayo mume wangu ndiye aliyeinunua.

"Sufuria je? Na mafuta ya taa? Na kiti nitakachokalia nikila?" Hakuwa anagomba. Alikuwa anauliza kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza. "Na paa hili?"

Aliyetuokoa wiki ile ya kwanza ni jirani wa chumba cha nne, mama mmoja Mkamba kutoka Machakos, mke wa dereva wa lori. Nilimweleza tukiwa mferejini, nikitarajia acheke. Hakucheka. Akasema, "Kwetu pia ziko hizo. Mlete kwangu." Kwa hivyo kila asubuhi na jioni Mama alivuka hatua nne za uwanja, akaingia chumba cha jirani na kula kule. Jirani alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na mara ya kwanza Mama aliuliza kwa lugha yetu kama watu wa huku hawana unga. Nilikataa kutafsiri. Lakini alikula, alimeza dawa, na kidonda kikaanza kukauka pembeni.

Mimi ndiye niliyeanza kushindwa kula. Chakula cha nyumbani kwangu kilikuwa kimekuwa kitu cha kuficha. Nilipika kwa ajili ya mtoto, kisha nikala ugali uliobaki nikiwa nimesimama nyuma ya pazia lililogawanya chumba, nimempa Mama mgongo, natafuna polepole ili asisikie.

"Kula vizuri," akasema siku moja kutoka upande wa pili wa pazia. "Usile kama mwizi. Unanyonyesha."

Nilijaribu, kisha nikampa mtoto ugali uliobaki.

Mume wangu naye alikuwa hali. Alikuja kila alasiri baada ya shifti ya asubuhi, akasimama nje ya geti, nami nikamtolea mtoto amshike. Nikamletea chakula kwenye bakuli lenye kifuniko. Akakifunua, akanusa, akafunika.

"Mama amekula?"

"Amekula kwa jirani."

"Kwa jirani." Alilirudia neno lile kana kwamba limemchoma. "Mama mkwe wangu analishwa na jirani, na mimi niko na kazi. Watu wa ploti wanasema nini?"

"Hakuna anayesema kitu."

"Wanasema. Rudisha hicho chakula."

"Kwani utakula wapi?"

"Sina njaa."

Alikuwa amekonda, suruali ya kazi aliifunga kwa kamba. Nikakasirika. Nikamwambia kwa sauti ya chini, kwa sababu geti lilikuwa wazi, "Nenda nyumbani ukafanye mambo, haya yote yaishe."

"Niende na nani? Baba hayupo. Ndugu yangu mkubwa unajua hatusemezani. Niende peke yangu kama mtu aliyeokotwa?"

"Sasa tufanye nini?"

"Mwulize mama yako. Mwulize kama anataka kuniua mimi ama anataka kujiua yeye."

Sikumwuliza Mama. Nilirudisha bakuli, nikamkuta ameketi palepale, na nilijua amesikia sauti zetu ingawa hakusikia maneno.

Jumapili ya pili habari ikaja kwamba mama mkwe wa jirani amezidiwa Machakos. Jirani akaondoka Jumatatu alfajiri pamoja na watoto wake, akafunga mlango kwa kufuli. Alinigongea akiwa na mizigo mkononi: "Ningekuachia ufunguo, lakini mume wangu ndiye ameubeba mwingine, na huu nauhitaji nikirudi. Niwie radhi." Nilimwambia aende salama. Nilibaki pale nikilitazama kufuli lile.

Kwenda barabarani kwenye vibanda haikuwezekana. Mguu wa Mama ulikuwa umevimba tena tangu Jumamosi, na kutoka kitandani hadi chooni alinishikilia bega. Nikamnunulia maandazi na maharagwe kibandani, kwa pesa yangu, yamepikwa na mtu mwingine kwa moto mwingine. Nikafikiri hapo hana la kusema.

"Nile wapi?" akauliza.

"Hapa, Mama."

"Hapa ni wapi?"

Nikaanza kulia. Nilikuwa nimechoka, mtoto alikuwa anavuta titi na kulia kwa sababu maziwa yalikuwa yamepungua. Nikamwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia. Nikamwambia kwamba anajali mila kuliko mimi. Kwamba kama hataki nyumba yangu angebaki nyumbani na kidonda chake. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akamchukua mtoto kutoka mikononi mwangu, akambembeleza. Jioni alimeza kidonge chake kwa maji. Nikamwona na sikumzuia. Nilikuwa na hasira, na nilijiambia kwamba dawa angalau anameza.

Jumanne asubuhi akameza tena. Alikunywa maji mengi, akalala. Niliendelea na kazi: mteja mmoja alikuja nikamsuka mlangoni mpaka saa nane hivi, akatoka kidogo kununua chakula kichwa kikiwa nusu. Siku hiyo upepo ulitoka upande wa jaa la taka, moshi ukaingia hadi ndani, na nilipoingia kufunga dirisha nikamwona Mama ameketi kitandani, amelowa jasho. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeshikana na nywele.

"Mama, joto?"

Akanitazama. Macho yalikuwa yake lakini hayakunijua. Akaniuliza kama ng'ombe wamenyweshwa.

"Mama, uko Nairobi. Ni mimi."

Akasema kwa ukali niondoke nyumbani kwake. Nilipomshika mkono ulikuwa baridi, unatetemeka kama wa mtu mwenye homa, lakini hakuwa na homa. Akanisukuma kwa nguvu ambayo sikujua anayo, nikagonga meza. Mtoto akaanza kupiga kelele. Nikampigia magoti, nikamwomba alale. Maneno yake yalianza kulegea, yakashikana, halafu akaanguka upande, mdomo ukitikisika.

Nilitoka mbio uwanjani nikiita mtu. Vyumba karibu vyote vilikuwa vimefungwa, watu wako kazini. Nikakimbia getini, na hapo nje, kama kila alasiri, alikuwa amesimama mume wangu.

"Mama anakufa," nikasema.

Alipiga hatua moja, akasimama kwenye kizingiti cha geti. Niliona akitazama mlango wa chumba chetu, mlango aliokuwa ameukwepa kwa siku kumi na tano. Sikumwambia aingie. Singeweza kumwambia. Kisha akanipita akikimbia.

Nilipofika alikuwa tayari amepiga goti kando ya kitanda. "Amekula?"

"Hajala tangu juzi."

"Na dawa? Dawa amemeza?"

"Amemeza."

"Lete sukari."

Nikafikiri hakusikia nilichowahi kumwambia. "Ana ugonjwa wa sukari! Daktari alikataa kabisa! Utamuua!"

"Lete sukari, mama mtoto! Kiwandani kuna mzee wa mashine ana ugonjwa huohuo. Alianguka hivihivi, amemeza dawa na hajala. Nilimshika kichwa mimi mwenyewe wakimtia sukari mdomoni. Lete!"

Sukari nilikuwa nimeificha juu ya kabati nyuma ya masanduku, ili Mama asiione. Mikono yangu ilikataa kufungua kopo. Akaninyang'anya, akalifungua kwa meno. Akakoroga sukari nyingi kwenye kikombe cha maji kwa kijiko. Halafu alifanya jambo ambalo hakuna mwanamume wa kwetu niliyewahi kumwona akifanya. Aliingiza mkono wake chini ya shingo ya mama mkwe wake, akamwinua, akamlaza kifuani kwake. Kitambaa kilianguka. Nywele za Mama, nyeupe, zilizosukwa mistari mitatu na mimi mwenyewe, zilikuwa chini ya kidevu chake.

"Mama," akamwita. Hakuwahi kumwita kabla. "Mama, meza. Meza kidogo."

Kijiko cha kwanza kilimwagika chote. Akachovya kidole kwenye sukari kavu akampaka ndani ya shavu, kwenye ufizi, kama unavyompaka mtoto mchanga dawa. Akampaka tena. Mimi nilikuwa nimesimama na mtoto kiunoni, nikihesabu pumzi za Mama kwa sauti bila kujua, hadi aliponiambia ninyamaze. Kijiko cha pili kikaingia. Koo likasogea. Cha tatu. Cha nne.

Sijui ilichukua muda gani. Mteja wangu, aliyekuwa amerudi ili nimmalizie nywele, alichungulia mlangoni, akaona, akaondoka kimya. Kikombe kilikuwa kimebaki tone Mama aliposhusha pumzi ndefu na kufumba mdomo. Kisha akafumbua macho, akatazama mkono uliokuwa umeshika kijiko. Ulikuwa mkono wa mwanamume, una alama ya kuungua na plastiki moto.

Mume wangu alimlaza kwenye mto taratibu, akauweka ule mkono nyuma yake, akatoka nje kinyumenyume akiinamisha kichwa. Nikamsikia akikalia jiwe la karibu na mfereji. Nilipochungulia alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Mama alibaki akitazama dari. Uso ulikuwa umerudi kuwa wake.

"Nani amenilisha?" akauliza.

Nilikuwa na sekunde moja ya kudanganya. Nilishadanganya mara moja, kwa daktari, na nilikuwa nimeona matunda yake.

"Ni yeye, Mama."

"Kichwa kilikuwa wazi?"

"Kilikuwa wazi."

Alifumba macho. Machozi yakatoka pembeni, yakaingia masikioni. Nilimfunga kitambaa, nikampangusa shingo. Aliposema tena alisema kwa sauti ndogo sana, nikainama.

"Una mama mkubwa ambaye hukumjua. Dada yangu. Alienda hivi, kama wewe. Mama yetu alikuwa akimtembelea, akala kwao, akashiba, kila mtu akafikiri mambo yameisha. Yule mwanamume naye akaona yameisha. Kwa nini asione? Mama wa mke wake anakula kwake. Dada alipokufa na mimba, watu wa mume walisema hawamjui, na watu wetu wakasema ameolewa, si wetu. Alilala siku sita bila kuzikwa. Mwishowe wakamzika nyuma ya boma, karibu na njia, usiku usiku, bila mtu kusema neno. Nilikuwa msichana. Mama yangu baada ya hapo alikuwa akishika tonge linamwangukia."

Nikakaa kitandani.

"Wewe unafikiri nakataa chakula chako," akasema. "Kukiwa na mtu mmoja ambaye hajala, hawawezi kusema mambo yameisha. Nilitaka niwe mimi."

"Mama, ungekufa."

"Nilikuwa sijui. Siku mbili za kwanza njaa huuma. Baadaye inanyamaza, ukadhani imekubali." Akavuta pumzi. "Siku ile Burma, nilipoonja nyama, ndipo nilipoogopa. Niliona naweza kula chochote, cha mtu yeyote."

Maisha yangu yote mpaka siku ile nilifikiri mtu anakula kwa kuwa ana njaa na anaacha kwa kuwa ameshiba. Sikujua kwamba tonge moja linaweza kuwa ni sahihi ya mtu.

Kisha akaniambia nimwinue. Nikamtoa hadi mlangoni, tukisogea kidogokidogo. Mume wangu alipotuona aliruka kutoka kwenye jiwe, akaenda kusimama karibu na geti, akageuza uso. Mama akasimama kwenye kizingiti, akatazama uwanja wa saruji, kamba za nguo, mfereji.

"Uwanja huu ni wa nani?"

"Wa mwenye ploti."

"Si wa huyu?"

"Si wake. Ni wa wapangaji wote."

"Basi weka stuli hapo. Ile unayosukia wateja. Uliinunua mwenyewe?"

"Niliinunua mwenyewe."

Nikaiweka stuli hatua moja nje ya mlango. Akaketi, miguu ameielekeza mferejini, mgongo kwa nyumba. Nikamletea yale maharagwe ya kibandani niliyokuwa nimeyapasha moto asubuhi, na ugali. Hakuniuliza sufuria ni ya nani wala moto ni wa nani. Alinawa. Akala. Nilikaa chini kando yake nikala kwenye sahani ileile, na mtoto akaja akafungua mdomo katikati yetu, si kwa njaa, bali kwa sababu aliona midomo ikisogea.

Alipofika nusu ya ugali, Mama akasema bila kugeuka, kwa lugha yetu, kwa sauti ya kusikika hadi getini: "Mwambie huyo mtu wako akale. Amekonda. Na akishakula, amtafute ndugu yake."

Sikuhitaji kwenda kumwambia. Mume wangu alikuwa amesikia, akaondoka haraka bila kuaga.

Tuliporudi kliniki Alhamisi ya wiki ile nilimwambia daktari ukweli wote, tangu viazi vya jani la mgomba. Alinigombeza mbele ya wagonjwa wengine, na nilistahili. Akapunguza dawa, akamfunza Mama kutembea na vipande vya sukari vilivyofungwa kwenye pembe ya leso, akanifanya nitafsiri kila neno na Mama alirudie kwa lugha yetu mpaka aridhike. Jirani alirudi kutoka Machakos baada ya msiba, akamkuta Mama akila uwanjani kila siku, mvua au jua, na wapangaji walishazoea kumpita wakimsalimia.

Kupatana kwa mume wangu na ndugu yake hakukuwa kwepesi. Ilichukua miezi, na maneno mengi mabaya yalisemwa kwanza. Lakini Desemba walifika nyumbani, wao wawili na mjomba wao mmoja mzee, wakaketi chini ya turubai na wajomba zangu kuanzia asubuhi hadi jua likaelekea kuzama, mahari ikakubaliwa. Mama hakutokea mbele yao hata mara moja, kama inavyotakiwa. Alikuwa jikoni, amezungukwa na moshi, akipika na kutoa sahani kwa mikono ya wengine, akiuliza kila sahani iliporudi kama imemalizwa.

Yeye na mume wangu hawakuzungumzia siku ile. Hawakuwahi kushikana mkono, wala hakuwahi kumwona tena bila kitambaa. Mama aliishi na sukari yake miaka tisa zaidi.